Hamali wa Hewa

Mimi ni Kombo Bwanadi,
hamali, si mkaidi,
sitozi bei zaidi
toka gati hadi ndani.

Nimesukuma vitanda
vya maharusi wa Manda
na friji isiyoganda
kupita vichochoroni.

Ugonjwa ulipotua
mizigo ikapungua,
na hoteli kuugua,
kukawa kimya mjini.

Ndipo nikapewa chuma,
mitungi ya kusukuma:
hewa ya watu kuhema
imefungwa mle ndani.

Yatoka ng'ambo Mokowe,
naipokea mwenyewe;
punda, heri asipewe,
itaanguka njiani.

Muuguzi Mwanakheri
huniambia, "Subiri,
barakoa si johari
ivaliwayo shingoni."

Awali niliishusha,
jasho lanibabaisha,
mlima unanichosha,
naiacha kidevuni.

Siku nilipoivaa
barazani wamekaa,
kikombe kinazagaa
kinywani hadi kinywani.

Famau Lali kacheka:
"Kombo leo kafunika!
Nani mume kakuweka,
bibi yetu, utawani?"

Bi Swafiya akapita,
ukaya akiuvuta:
"Miaka tumeikata
nyuso zetu paziani.

Hakuna aliyekufa
wala kushushiwa sifa;
nyinyi wiki, mna ufa
kwa kipande cha kitani!"

Wakacheka. Hata mimi
nikauuma ulimi,
na mtungi hausemi
ni wa nani kitandani.

Pale benki, kwenye lango,
Twaha kapata mpango:
akodisha kwa viwango
barakoa za begini.

Kwa kumi, unaingia;
ukitoka, waivua,
mwenzio aichukua,
ina mate yako ndani.

Polisi wakitokea
watu huvuta kofia
mdomoni kuzibia;
wakienda, ni kichwani.

Wodi vitanda ni sita,
wagonjwa tisa wavuta,
kila pumzi ni vita,
na watatu, sakafuni.

Mwanakheri ahesabu
kwa kidole, kwa taabu,
vipimo kwenye kitabu,
glavu moja mkononi.

Zamu ya siku ya tatu
hajavua na viatu,
na alama kama chatu
imezunguka usoni.

"Leo mingapi?" "Miwili."
Akatazama pahali
pasipo kitu, kwa mbali,
kama aliye ndotoni.

Usiku nikagongewa:
"Boti imeshapokewa,
mtungi unangojewa
kitanda cha dirishani."

Nilipofika, ni Lali,
midomo rangi ya nili,
hana hata neno kali
lililobaki kinywani.

Nikausimika wima,
mpira ukanguruma,
taratibu akahema
hewa yangu ya gatini.

Chini, upande wa pili,
shuka imeziba mwili.
Nikauona: ni kweli,
ukaya wake kandoni.

Swafiya aliyeziba!
Wasema mwana kabeba:
kikombe kimoja haba
kanywea tu kijiweni.

Tulimzika watano
bila kushikwa mkono,
khitima ikawa neno
la simu, toka nyumbani.

Sikumwambia Famau.
Wiki tatu, kasahau;
"Malaria," kwa dharau
anadai barazani.

Mtupu ama wa hewa,
uzito karibu sawa:
ni chuma unachopewa,
hewa haina mizani.

Nikirudi nayo gati,
nikipakia kwa boti,
nagusa mmoja, eti
hewa imebaki ndani.

Hulia kama kengele.
Nikipita, wapo pale,
kahawa, kikombe kile.
Nami yangu? Ni puani.